Matangazo ya Bi Siwezi

Wifi yangu hana sauti. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe huanza na hilo, na nikilificha atanikata jicho. Ukimsikia akiongea utadhani kuna mtu anakwangua sufuria chumba cha pili. Hata hivyo, katika mtaa wetu hakuna anayesikika kumzidi. Kinyozi, fundi makochi, mama wa keki, muuza miche, na mimi mwenyewe mwenye saluni, sote tunapata wateja kwa ajili ya mwanamke huyu mwenye koo bovu na simu iliyopasuka kioo. Kazi yake ni kutangaza biashara ndogondogo mtandaoni. Watu humwita Bi Siwezi, na jina hilo hakulipata kwa uvivu.

Nilimjua kabla hajaitwa hivyo. Mimi nimeolewa na kaka yake, na siku nilipoletwa kwao yeye ndiye aliyenipokea begi mlangoni. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, kwa ile sauti yake ya zamani iliyojaza nyumba nzima, kwamba kaka yake amejitahidi. Nikamjibu kwamba mimi ndiye niliyejishusha. Tangu hapo tunataniana bila likizo, na wale waliokuwa wakisubiri mawifi wagombane wamesubiri mpaka wamechoka.

Siku hizo alikuwa mpiga debe, na sisemi kwa mafumbo. Duka likifunguliwa, au mwenye duka akishusha bei, yeye ndiye aliyesimama mlangoni na kipaza sauti tangu asubuhi, akiwaita wapita njia. Alikuwa na namna yake. Hakupiga kelele za bei tu kama wengine, bali alimwona mtu na kumsemesha: mama mwenye mtandio wa kijani, lile sinia pale ndani linakutazama na wewe unalipita kama hamjuani. Watu walicheka, na aliyecheka aliingia. Wenye maduka walimgombania.

Kisha koo likaanza kukwaruza. Alikunywa kila alichoambiwa na kila mtu, asali, tangawizi, maji ya moto yenye chumvi, na kazini hakuacha kwenda. Siku moja, kwenye ufunguzi wa duka la vyombo, sauti ilikatika katikati ya sentensi. Alirudi nyumbani mapema, akatuambia kwa mnong'ono kwamba spika za duka lile ni mbovu. Maduka mengine nayo yakawa na spika mbovu. Sisi tuliitikia tu, maana nani angemwambia. Mwishowe alikwenda hospitali, wakamwambia kuna vinundu vimeota mle ndani, na kwamba akitaka kubaki hata na hiyo sauti ya kukwaruza, mambo ya kipaza sauti ayasahau kabisa.

Alijifungia ndani, akawa mtu wa kutazama ukuta. Nikimletea chai anaipokea kwa kutikisa kichwa. Halafu asubuhi moja nikaona ameandika kwenye ukurasa wake, mbele ya watu wote: "Siwezi tena kupaza sauti. Nimewaita madukani miaka mingi, mkacheka na mkanunua. Sasa naweza kuandika na kupiga picha. Mwenye biashara inayohitaji kuitiwa watu aniandikie. Asinipigie."

Nilimwendea nikiwa nimewaka. Nikamwambia mtu hatafuti kazi kwa kujitangazia ubovu, hata muuza nyanya huficha zilizooza chini ya ndoo. Daktari alikuwa amemkataza kuongea, kwa hiyo akaniandikia kwenye simu, ilhali tumekaa kochi moja magoti yanagusana: "Nikiwaambia hili, wataniamini na mengine." Mimi nilijua amechanganyikiwa. Siku ileile mama wa keki akamwandikia.

Hapo ndipo ulipoanza utaratibu wake, na ni huo uliompa jina. Ukimwendea akutangazie, hatoi simu kupiga picha. Anakuja kwenye kibanda chako, anaketi, anakutazama ukifanya kazi, kisha anakuuliza kazi gani huiwezi. Ukimwambia unaweza kila kitu, anakushukuru, anafunga pochi, anaondoka. Atarudi siku nyingine na swali lilelile. Tangazo lako litaanza na kile usichokiweza, na lazima kitoke kinywani mwako mwenyewe. Bila hilo, hata umpigie magoti, hakutangazi.

Nilipokuwa namfuata kwa ajili ya saluni yangu, nilidhani undugu utanipunguzia masharti. Wapi. Aliketi kwenye kiti cha wateja, ambacho siku hizo kilikuwa kitupu kutwa, akaniuliza lile swali lake. Nikamwambia nasuka, naosha, nakata, napaka rangi, hakuna kinachonishinda. Akaenda zake. Akarudi, nikamjibu vilevile, akaenda zake tena. Safari iliyofuata nilikasirika, nikamwambia labda kitu pekee nisichokiweza hapa duniani ni kunyamaza. Alicheka mpaka akalishika koo.

Jioni nikaliona tangazo. Picha ilikuwa ya mikono yangu ikiwa ndani ya nywele za mteja, na chini yake: "Mwenye saluni hii hawezi kukaa kimya. Ukitaka kusukwa kwa utulivu, tafuta kwingine. Ukitaka mistari iliyonyooka na habari za mtaa mzima, mlango wa kijani, jirani na duka la dawa." Nilimpigia mume wangu kazini nikamwambia dada yake amenivua nguo hadharani. Yule naye badala ya kunitetea akauliza uongo uko wapi. Lakini haukupita muda benchi langu la kusubiria likajaa wanawake waliokuja na maneno yao tayari kinywani. Mmoja mpaka leo hutoka upande wa pili wa mji, na nywele zake ni fupi kiasi kwamba sijui nimsuke nini. Anakuja kuongea.

Fundi makochi yeye alipitia njia ya mkato kwanza. Alipata mtangazaji mwingine, mtu wa haraka, ambaye hata karakana hakufika. Alichukua picha za makochi kutoka huko mtandaoni, ya ngozi nyeupe, miguu ya dhahabu, akabandika namba ya simu ya fundi wetu. Simu ikalia kweli. Watu wakaja na ile picha mkononi, wanataka kochi lilelile, na fundi wa watu katika maisha yake hajawahi hata kuishika ngozi nyeupe. Mteja mmoja alimkuta amejibanza nyuma ya kochi alilokuwa akilitengeneza, miguu inaonekana. Baada ya hapo alikuja kwa wifi mikono nyuma.

Wifi akashinda naye karakanani, katikati ya sponji na misumari, kisha akamuuliza. Fundi akakiri kwamba makochi ya namna ile hayawezi, ila kochi lililobonyea, hata liwe limekaliwa na ukoo mzima, atalinyanyua. Wifi akamwambia walipindue moja juu chini. Alipiga picha ya tumbo lake: springi, mikanda, mafundo ya kamba yaliyokazwa kwa mkono. Akaandika kwamba fundi huyu hawezi kochi la kwenye picha za mtandaoni, lakini la kwako la nyumbani analiweza, na hapa tumelipindua moja mlione tumbo. Watu walilipenda lile tumbo kuliko makochi yote meupe. Sasa karakana imejaa, na fundi hajifichi tena.

Na akishatangaza haondoki, hilo ndilo linalonifanya nimvulie kofia. Anarudi kuangalia kama unajibu ujumbe wa wateja, na ukichelewa anakuandikia maneno makali. Anahakikisha saa ulizoandika za kufungua ndizo unazofungua. Mteja akilalamika kwenye ukurasa, hafuti. Anamwita mwenye biashara aje ajibu kwa jina la kazi yake, na ajibu kwa adabu. Alama ya kinyozi kwenye ramani ya simu ilikuwa imeangukia choo cha soko, na wateja walikuwa wanafika pale wakiuliza wananyolewa upande gani. Wifi alisimama mlangoni kwa kinyozi juani, simu mkononi, akaihangaikia ile alama mpaka ikakaa pale inapostahili. Kinyozi alimletea kiti, akakataa kukaa kabla haijakaa yenyewe.

Sasa, mwisho wa safu yetu ya vyumba, baada ya karakana ya makochi na saluni yangu, kuna chumba chenye mlango wa mbao uliopakwa bluu. Hicho ni cha baba mkwe wangu, yaani baba yake wifi. Yeye anatengeneza cherehani. Sisemi anashona, la. Anatengeneza mashine zenyewe, za kukanyaga kwa mguu, za kuzungusha kwa mkono, za umeme. Ndani kunanuka mafuta ya mashine na chuma. Vichwa vya cherehani vimepangwa rafuni, makopo ya skrubu yako chini ya dirisha, na kila kitu kina mahali pake, ole wako ukisogeze.

Masikio ya mzee yule si ya kawaida. Mshonaji wa ng'ambo ya barabara akishona mlango wake ukiwa wazi, mzee huinua kichwa akasema kuna skrubu imelegea kwenye mashine ya yule mama. Ukivuka kwenda kuangalia, utaikuta imelegea. Washonaji wa mji huu wamemletea mashine tangu mume wangu hajazaliwa.

Wifi alimwendea baba yake mapema kabisa, kabla hata hajanitangaza mimi. Mzee humwita binti yake "mama", kwa sababu amerithi jina la bibi, mama yake mzee. Alimwambia, mama, mimi siuzwi. Wifi akamuuliza hata hivyo: Baba, kazi gani huiwezi? Mzee akasema hakuna, na hakuwa anajisifu, maana kwa miaka mingi ilikuwa kweli. Wifi akafunga pochi, kama anavyomfungia mtu yeyote. Akawa anatangaza mtaa mzima, ila mlango wa bluu.

Mambo yakaanza kubadilika kidogo kidogo. Mzee alianza kuwarudisha wateja. Nilikuwa nawasikia kupitia ukutani, maana ukuta wetu ni jina tu. Huyu anaambiwa vipuri hakuna. Yule anaambiwa aje wiki ijayo, na wiki ijayo anaambiwa vipuri bado. Mshonaji wa ng'ambo alibeba mashine yake kwenda na kurudi nayo ikiwa vilevile, akapita mlangoni kwangu uso umemshuka. Mzee akabaki ndani na redio yake.

Halafu mchana mmoja wa mapumziko, tukiwa wote mezani, alitutangazia kwamba mwezi ukiisha anafunga. Alisema huku akichambua samaki wake, kama mtu anayezungumzia mvua. Wateja wamekwisha, alisema, watu siku hizi wananunua nguo zilizoshonwa tayari. Vifaa atamwachia atakayevitaka. Mimi, kwa ugonjwa wangu uleule, nikasema Baba, mbona jana nimeona wateja kwa macho yangu wakiingia kwako.  Mzee alitoa mwiba, akauweka pembeni ya sahani, na mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Niliogopa, na nasema wazi kwamba niliogopa. Namjua baba mkwe wangu. Siku asipofungua hutembea nyumba nzima na bisibisi, akikaza vitasa visivyolegea. Tangu mama mkwe atutoke, kile chumba ndicho kinachomwamsha asubuhi na kumvalisha shati safi. Kikifungwa, tungekuwa naye sebuleni akizimika taratibu, na sisi tukimtazama.

Mume wangu aliona dawa ni moja. Alimwambia dada yake apige picha ya mlango wa bluu kutoka nje, aandike maneno mazuri kuhusu fundi wa siku nyingi, aweke. Wafuasi anao, kesho yake foleni itafika barabarani, mzee atajikuta na kazi na hatakuwa na la kusema. Wifi akakataa. Mume wangu akapandisha hasira. Alimwambia anawahangaikia watu baki mpaka alama za ramani, na baba yake mzazi anamwacha afe kwa kukosa kazi, tena kwa ajili ya nini, kwa ajili ya swali moja. Nami nilikuwa upande wa mume wangu, na si kawaida yangu.

Wifi alisubiri kaka yake amalize. Sauti yake haimruhusu kugombania nafasi.

"Wateja hawajamwishia," alisema. "Anawarudisha mwenyewe. Nikimletea foleni bila kujua sababu, nimemletea foleni ya watu wa kuwarudisha."



Kesho yake alifanya kwa baba yake lile analofanya kwa kila mtu. Alikwenda akaketi kwenye kigoda karibu na makopo ya skrubu. Hakutoa simu, hakuuliza kitu. Mzee alimtazama, akaendelea kupangusa vichwa vya mashine ambavyo havikuwa na vumbi. Siku iliyofuata akaketi tena, na iliyofuata. Mimi nilikuwa nawapelekea chai, kwa upendo, na pia kwa sababu nilikuwa nataka kuona.

Ndivyo nilivyokuwepo siku mshonaji mmoja alipoingia na mashine inayoruka nyuzi. Mzee aliipokea, akaifungua, na nilimtazama akifanya kazi. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Alipapasa, akasikiliza, akakaza hapa, akalegeza pale, akazungusha gurudumu huku kichwa amekiinamisha, na kabla chai haijapoa mashine ilikuwa inazunguka bila mgongano wowote. Ikabaki kuijaribu kwa uzi. Kwake mashine haijapona mpaka ishone kipande cha kitambaa mbele ya mwenyewe. Kuirudisha bila kuijaribu, anasema, ni wizi. Alishika uzi. Akauleta kwenye sindano. Mkono ukasimama pale. Kisha akauweka uzi chini, akamwambia yule mama kuna kipuri kimoja kimekufa na hakipatikani, akaanza kuifungua tena mashine aliyokwisha kuiponya, skrubu moja baada ya nyingine, airudishe ilivyokuja.

Mshonaji aliondoka na mashine yake. Mimi nilikuwa bado nimesimama na birika mkononi.

Wifi hakuinuka. Hakushika uzi ule kumwonyesha kwamba yeye anaweza kuutunga. Alivuta kigoda karibu na meza ya mzee, ili asilazimike kukaza koo.

"Baba, siku ile sauti ilipokatika, spika hazikuwa mbovu," alisema. "Niliendelea kufungua mdomo, watu wakadhani ni spika, na mimi nikawaacha. Nikazisingizia spika za kila duka nililokwenda. Nilichoka, Baba. Kusingizia spika kulinichosha kuliko koo lenyewe."

Mzee alikuwa ameshika bisibisi. Aliizungusha mkononi, akaiweka mahali pake, akairekebisha ikae sawa na nyingine. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, akanyoosha mkono akaizima.

"Tundu la sindano," alisema. "Silioni, mama."

Akaanza kutueleza, akitazama meza. Alikwishakwenda hospitali ya macho, peke yake, bila kumuaga hata mmoja wetu. Miwani aliyonayo ndiyo ya mwisho, wamemwambia miwani haina zaidi ya hapo. Kile kijiwaya cha kusaidia kutunga uzi nacho hakioni. Kazi nyingine zote anazifanya kwa vidole na masikio, ila mwisho wa kila mashine kuna tundu moja, na hilo linamsubiri. Amwambie nani? Washonaji wa mji mzima waliomjua tangu akiwa kijana, awaombe wamtungie uzi kama mtoto? Afadhali waseme vipuri vimekwisha.

Machozi yalinitoka na nikaacha yatoke. Wifi yeye hakulia. Alimuuliza baba yake, kwa ile sauti yake ya kukwangua, kama anataka liandikwe. Mzee akasema hapana. Akasema tumwache. Tukamwacha, na nilipofika saluni nilimsuka mteja kichwa kizima bila kumsemesha, mpaka akaniuliza kama nimefiwa.

Siku zilizobaki za mwezi zilikuwa chache, na mzee alikwishaanza kupanga vifaa kwenye sanduku. Wifi aliendelea kukaa kwenye kigoda. Nilidhani atamuuliza tena, maana sisi wengine aliturudia mpaka tukachoka, lakini kwa baba yake hakulirudia swali. Alikuwa anakaa tu, na mzee anapanga, na wakati mwingine nasikia wanacheka kitu ambacho sikukidaka. Asubuhi moja nikasikia mzee anagonga ukuta. Ananiita mkwe, njoo usikie, wewe ndiye utakayelisambaza hata hivyo.

Nilimkuta amesimama, shati limepigwa pasi, na binti yake ameshika simu. Mzee alitamka na wifi akaandika kama alivyotamka. Hakubadilisha neno, na hilo hajawahi kumfanyia mtu mwingine:

"Mimi ni fundi wa cherehani, mlango wa bluu, mwisho wa safu. Siwezi tena kuona tundu la sindano. Ukiniletea mashine, uzi utautunga mwenyewe. Mengine niachie mimi."

Picha ya uso aliikataa. Wifi akapiga picha ya vidole vyake vikiwa juu ya gurudumu.

Mzee alifagia chumba, akaketi. Hakuja mtu. Akafagia tena. Mimi nilikuwa natoka kila mara nikijifanya namwaga maji, na kila nikitazama namwona ameweka mikono juu ya magoti, anatazama sanduku lililofungwa nusu. Wifi alikuwa kwenye kigoda chake na simu ameigeuza kifudifudi. Nilianza kumlaani moyoni, yeye na ukweli wake.

Kisha nikamwona mshonaji wa ng'ambo anavuka barabara. Alikuwa amekumbatia kichwa cha cherehani kifuani kama mtoto mgonjwa, na magari yanampisha. Aliingia, akakiweka mezani, akasalimia. Habari ya tangazo hakuitaja. Mzee akaifungua ile mashine, akaipapasa, akaisikiliza, akaifunga. Alipomaliza, aliisukuma kidogo upande wa yule mama, akatazama dirishani. Yule mama akalamba ncha ya uzi, akautunga, akairudisha mashine kwa mzee. Mzee akazungusha gurudumu. Mshono ulitoka umenyooka kama mstari ninaouchora mimi kichwani mwa mtu.

"Kwa hiyo vipuri vilikuwepo," alisema mshonaji, akiupitisha mshono kati ya vidole.

"Vilikuwepo," alisema mzee.

Akacheka yule mama, na mzee akacheka naye. Kabla hajaondoka aliingia mwingine, halafu yule wa mashine inayoruka nyuzi, halafu mwanamume mmoja mwenye mashine ya urithi ambaye hajui hata uzi unaingilia upande gani, ikabidi mshonaji wa ng'ambo abaki kumtungia. Kufikia alasiri watu walikuwa wanapokezana sindano mle ndani huku wakibishana nani ana macho mazuri. Sanduku mtu alilikalia kwa kukosa kiti.

Jioni, wateja walipotawanyika, niliingia kuchukua vikombe. Mzee alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Alimuuliza binti yake watu wanasoma nini hasa huko kwenye simu, maana kila aliyeingia alikuwa anatabasamu. Alitaka asomewe. Wifi alisita. Alikuwa ameongea na watu kutwa nzima, na koo lake saa zile huwa limekwisha kabisa. Tangu siku ya duka la vyombo sikuwahi kumsikia akisoma kitu kwa sauti mbele ya mtu.

Alisogeza kigoda mpaka goti lake likagusa la baba yake, akasoma. Sauti ilikwaruza, ikakatika kwenye "tundu", akaivuta tena, ikarudi. Alisoma mpaka mwisho. Mzee alikuwa amekiinamisha kichwa vilevile anavyokiinamisha akisikiliza mashine.

Mtu yule anasikia skrubu iliyolegea kutoka ng'ambo ya barabara.

"Sikusikia vizuri, mama," alisema. "Soma tena."

Wifi akasoma tena.